Msimamizi wa Tuta la Kwanza

Kang! Jembe limegonga jiwe. Mlio huo ungali kichwani mwa Pumba hadi leo, mkavu na mkali kama siku alipousikia: asubuhi ya mwanzo wa msimu wa kuchipua, yeye na mkewe wangali vijana, nyumba bado inanuka chokaa, na huko nyuma hakuna kitu ila kifusi walichokiacha mafundi. Mkewe ndiye aliyeshika jembe. Pumba alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai, akitoa ushauri ambao hakuna aliyeuomba. Jembe likagonga jiwe, na juu ya mti uliokuwa pembeni ndege akanyamaza ghafla.

Hawakuwa wamejua kwamba kuna ndege. Walikuja kumsikia aliponyamaza.

Wakatazamana. Mkewe akaweka kidole mdomoni. Wakangoja, hata chai ikapoa. Kisha, taratibu, kama mtu anayerudi chumbani kuchukua alichosahau, yule ndege akaanza upya. Alikuwa kurumbiza, kifua cha manjano, na wimbo wake ulipanda, ukasita, ukateleza, ukacheka.

"Nimemsikia mimi kwanza," alisema Pumba.

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo mimi ni msimamizi. Wewe lima."

"Ehee! Msimamizi wa kikombe?"

Ndivyo ilivyozaliwa sheria ya nyumba ile. Kila mwaka, baridi ikiisha na mvua za kwanza zikilainisha udongo, anayetangulia kumsikia kurumbiza huketi kwenye kigoda cha jikoni na kutoa amri. Mwenzake hulima tuta la kwanza, na kila akiamriwa sharti ajibu, "Ndiyo, msimamizi," bila kununa. Watoto wao walizaliwa wakaikuta, wakakua wakidhani ni sheria ya serikali. Binti yao mkubwa aliwahi kumwuliza mwalimu wake darasani nani amekuwa msimamizi nyumbani kwake mwaka huu, na mwalimu akafikiri mtoto ana homa.

Pumba si jina alilopewa na wazazi. Alipewa na mtaa, kwa kazi yake. Maisha yake ya kazi yote aliyamaliza kwenye chumba cha mashine ya kusaga nafaka, karibu na soko, na jioni alirudi mweupe kuanzia nyusi hadi viatu, pumba zikimdondoka mifukoni kama kuku atakuja nyuma yake kuziokota. Mashine ile ilikuwa na kelele ya kumeza kelele nyingine zote. Wanawake waliopanga foleni na ndoo zao walijifunza kuzungumza naye kwa vidole: kimoja, saga mara moja, viwili, rudia uwe laini. Siku nzima ikapita watu wakimpigia vidole kana kwamba ananadiwa.

Kwa hiyo kila jioni alifika nyumbani mara mbili: mwili kwanza, masikio baadaye.

Mkewe alilijua hilo. Alikuwa fundi cherehani, meza yake iko sebuleni kwenye dirisha linalotazama bustani, na alijifunza mapema kwamba mume aliyetoka mashineni hasemeshwi. Alimwekea maji ya kunawa na kigoda kati ya matuta, akarudi kwenye pindo lake. Pumba aliketi hapo, mashine ingali ikizunguka kichwani. Mbele yake shomoro walioga vumbi kwenye udongo uliotifuliwa, wakigombana, midomo wazi, bila sauti. Njiwa walipita kwenye vitunguu kwa mwendo wa wakaguzi, vifua mbele, mikono nyuma, kama wangekuwa na mikono. Chozi mwenye mdomo mwembamba alining'inia mbele ya ua la boga akanywa, akatoweka. Pumba aliwatazama wote kama anayetazama barabara kupitia kioo.

Kisha, polepole, kama maji yanavyopanda ndani ya shina, sauti zilirudi. Walianza shomoro. Ikafuata cherehani ya mkewe. Na mwisho kabisa, nyembamba kuliko zote, sauti ya kurumbiza. Hapo ndipo alipoita, "Mama watoto, nimefika!" Naye akatoka na chai, akaketi ukingoni mwa tuta, wakaanza kuulizana habari za siku, nani kaleta nguo gani, nani kapitisha ndoo yake mbele ya foleni. Pumba akiulizwa leo maisha yake yalikuwa yapi, hatasema mashine. Atasema ni yale majira ya jioni, harufu ya majani ya nyanya mikononi, na mwanamke mwenye uzi begani anayemwambia, "Sikia, yule amebadilisha wimbo. Jana hakumalizia hivi."

Lakini mwaka baada ya mwaka masikio yalizidi kuchelewa njiani. Na mashine ilipouzwa, yeye akastaafu, yakazoea kwenda bila kurudi. Si yote. Radi aliisikia. Mlango, jembe, sauti ya mkewe akiwa karibu, alivisikia. Vilivyopotea ni vitu vyembamba. Kurumbiza alipotea kati ya msimu mmoja na mwingine, bila kuaga.

Hakumwambia mtu. Si kwa ujeuri. Ni kwamba ng'ambo ya ua wa michongoma aliishi jirani, kinyozi wa zamani ambaye mtaa ulimwita Redio kwa kuwa hazimiki, na Redio alikuwa na mama yake mzazi asiyesikia. Pumba aliwaona watu wanavyomtembelea yule bibi. Humpa mkono, humtabasamia, kisha huanza kumzungumzia mbele ya macho yake: "Amekula? Usiku alilala?" kana kwamba ni kabati. Pumba aliogopa hilo. Na zaidi aliogopa jambo dogo, dogo kiasi cha kulionea haya: kwamba mkewe akijua, hatamwambia tena, "Sikia, yule amebadilisha wimbo." Nani humwonyesha kipofu upinde wa mvua? Yakiondoka maneno hayo, bustani itabaki mboga tu.

Basi akajifunza kusikia kwa macho. Alimchunguza ndege anavyotikisa mkia akiimba, koo linavyotuna. Na msimu uliopita alimchunguza mkewe. Alipomwona ameinua kichwa kutoka kwenye cherehani, shingo imesimama, uso umelainika kama wa mtu aliyeitwa kwa jina lake la utotoni, hakungoja. Akapiga kelele, "Nimemsikia!" Akawa msimamizi. Mkewe alicheka, akashika jembe. Pumba akaketi kwenye kigoda, akaamrisha, akala ushindi ule kama mtu anayekula kilichochukuliwa kwenye sahani ya jirani: kitamu, lakini hutafuni kwa raha.

Mwaka huu aliamua kuwahi. Miti ilipoanza tu kutoa vijani vya kwanza, vile vyekundu visivyojua bado kuwa kijani, alikuwa kizingitini kila asubuhi na mapema, akikodoa macho. Miwani ilibaki ndani, kwa sababu mzee anayevaa miwani ili asikie atajieleza vipi?

Siku hiyo mkewe alikuwa jikoni, mlango wazi, anaosha vikombe. Jua lilikuwa limegusa tangi la maji. Na juu ya tangi, pale pale, kifua cha manjano! Mkia ukatikisika, koo likacheza. Moyo wa Pumba ukaruka.

"Nimemsikia!" akapaza sauti, amesimama na mikono juu. "Nimemsikia, mama watoto! Msimamizi ni mimi, kwa mara nyingine tena! Lete jembe, lete unyenyekevu!"

Mkewe akatoka akijifuta mikono kwenye kanga. Kabla hajasema neno, kicheko kikapasuka nyuma ya michongoma.

"Pumba wee!" Alikuwa Redio, amesimama na mswaki mdomoni. "Huyo umemsikia? Huyo?"

"Kwani wewe hukumsikia? Sikio la kufa hilo!"

"Mzee mwenzangu, mtazame vizuri. Ana jani mdomoni refu kama mkia wa mbuzi. Anajenga huyo. Sasa aliimba kwa pua?"

Pumba akatazama. Kurumbiza aliruka kutoka kwenye tangi, na dhidi ya ukuta mweupe hata macho yake yasiyo na miwani yaliuona ule ujani mkavu ukining'inia, umemjaa mdomo, ukipepea nyuma yake hadi alipozama mtini. Akahisi joto likimpanda shingoni. Njia ya mwongo ni fupi, na ya kwake ilikuwa imeishia kwenye tangi la maji.

"Aliimba kabla hajaliokota," mkewe akasema.

Alisema kwa sauti kavu, ile aliyowatolea wateja waliodai suruali imepunguzwa.

"Mimi mwenyewe nimemsikia nikiwa jikoni, ila mwenzangu amewahi kusema. Na wewe Redio, ni lini uliwahi kufunga mdomo ukasikia ndege?"

"Aa, shemeji! Mimi nauliza tu!"

"Basi sukutua kwanza, uulize baadaye."

Redio akacheka, akatema, akaendelea na mswaki. Mkewe akaingia ndani, akarudi na kigoda, akakiweka kati ya matuta. Akalichukua jembe nyuma ya mlango. Hakumtazama Pumba.

"Haya, msimamizi. Tuanzie wapi?"

"Hapo... hapo kwenye mchicha wa zamani."

"Ndiyo, msimamizi."

Akalima. Pumba akaketi kwenye kigoda, mikono magotini, kama mgeni. Udongo ulikuwa mweusi na mlaini, ukigeuka kwa ubavu, minyoo ikijikunja kwa hasira ya kuamshwa. Shomoro walishuka nyuma ya kisigino cha mkewe kudonoa. Ilikuwa asubuhi ile ile ya miaka yote, haikukosa kitu, na yeye aliketi ndani yake akiwaza: amenilinda. Kwa hiyo anajua? Au ni kweli alimsikia? Akajikaza kisabuni, akatoa amri nyingine.

"Nyoosha mstari, fundi. Hiyo ni nyoka au tuta?"

"Ndiyo, msimamizi."

Alipofika katikati, mkewe akasimama. Jembe lilibaki hewani kidogo, kisha likashuka bila kulima. Shingo ikanyanyuka. Uso ukamlainika, ukawa ule uso, na macho yakaenda juu ya mti taratibu, yakifuata kitu kinachopanda, kikasita, kikateleza. Midomo yake ilikuwa imeanza kufunguka. Pumba aliyaona maneno yakija. *Sikia, yule...*

Mkewe akamtupia jicho pale kigodani. Mara moja tu. Kisha akaifunga midomo, akainama, akapiga jembe.



Pumba alikaa palepale, akilitazama jembe likipanda na kushuka. Kile alichokiogopa miaka yote kilikuwa kimetokea mbele yake, na aliyekileta si kurumbiza, si mashine, wala si Redio. Ni yeye. Ili wasije wakaacha kuambiana, alikuwa amemfundisha mkewe kunyamaza. Mwanamke wa watu amesikia kitu kizuri kuliko vyote vya mwaka, na amelazimika kukificha kama aliyekiiba, ili mume wake asiaibike.

Akainuka. Kigoda kikaanguka nyuma yake.

"Lete jembe."

"Msimamizi halimi. Sheria ni sheria."

"Lete, nimesema."

"Umechoka kuamrisha mapema hivi? Mwaka jana ulinitesa mpaka mchana."

Alikuwa ameshafika. Akaushika mpini, mikono yake juu ya mikono ya mkewe, mikavu na yenye udongo, na hakuuvuta. Mkewe akaacha mzaha. Ng'ambo ya ua Redio alikuwa akimsomea mama yake habari za mtaa wote, na kwa mara ya kwanza Pumba hakujali nani anamwona, ila alishusha sauti, asije akagawana jambo hili na mtu wa tatu.

"Sikumsikia, mama watoto. Wala mwaka jana. Nilikuwa nasoma uso wako."

"Najua."

"Unajua?"

"Miaka yote hii nimelala na wewe, baba watoto, sikulala na mashine. Mtu ambaye simsemeshi mpaka nimguse bega, nisijue?"

"Mbona hukusema?"

"Ningesema nini? Ulikuwa unapenda sana kushinda." Akatazama chini kwenye udongo. "Na mimi nilikuwa napenda kukuona ukipiga kelele."

 Pumba alitaka kusema mengi: kwamba kushinda hakukuwa kitu, kwamba kigoda hakikuwa kitu. Lakini hapo shingo ya mkewe ilinyanyuka tena. Huko juu, kati ya vijani vyekundu, jani lilikuwa limeshawekwa mahali pake na mdomo wa kurumbiza uko huru. Safari hii mkewe hakuyashusha macho. Aliyaacha yapande, yasite, yateleze, huku mikono yao ikiwa pamoja kwenye mpini, na Pumba akayafuata hadi yalipotulia.

Akainama, akamsogelea sikioni, akauliza kwa sauti ndogo kabisa:

"Niambie. Anamaliziaje leo?"