Mzee Anayekohoa Kwenye Santuri

Fundi makochi alizaliwa na wivu wake, na hakuwahi kujisumbua kuuficha. Mteja akithubutu kusifia kochi la fundi mwingine, kazi yake ilichelewa wiki nzima, na akija kuuliza aliambiwa sponji imekosekana mjini. Lakini hayo yalikuwa madogo. Wivu wake wenyewe, ule uliomnyima usingizi, aliuweka akiba kwa ajili ya muziki wa jazi.

Kila Jumapili alasiri karakana yake iligeuka ukumbi. Makochi ya wateja yaliyokuwa yakisubiri vitambaa yalisogezwa kuizunguka mashine ya santuri aliyorithi kwa mjomba wake, na wapenzi wa jazi wakajitandaza humo kana kwamba wameyanunua wao. Kinyozi wa jirani hakukosa hata siku moja. Mwalimu mstaafu wa jiografia naye hakukosa, ila yeye alichagua daima kochi ambalo springi zake bado hazijatoboa. Kila mmoja alileta santuri moja aliyotaka wenzake waisikie. Sharti lilikuwa kwamba sindano ikishashuka, hakuna kufungua mdomo mpaka inyanyuliwe. Hapo ndipo watu walipopasuka, huyu akilia na saksafoni, yule akimlaumu mpiga ngoma. Mwisho walichagua ipi irudiwe kabla ya kwenda nyumbani, na mwenye santuri hiyo alitembea kifua mbele mpaka Jumapili nyingine.

Mara nyingi iliyorudiwa ilikuwa ya fundi mwenyewe, ile yenye jalada la kijani. Tarumbeta linaanza pole pole, linazunguka, kisha katikati linanyamaza na besi inabaki peke yake. Hapo mtu mmoja studio anakohoa, kikohozi kizito kinachotoka kifuani. Fundi alikuwa na hadithi yake: aliyekohoa ni mpiga piano, mzee mgonjwa aliyejua kabisa kwamba hatarudi tena studio. Jalada halikusema neno kama hilo. Aliipika mwenyewe, akaitia chumvi mwaka hadi mwaka, na kuna siku kinyozi alifuta machozi.

Nyuma ya ukuta wa plaiwudi, mkewe alikuwa kwenye cherehani akishona vifuniko vya mito ya wateja. Mwanzoni mwa ndoa fundi alijaribu kumfundisha. Alimkalisha, akampigia santuri ya kijani, akamuuliza amesikia nini. Mkewe akajibu kwamba amesikia, aendelee tu. Fundi akaona amedharauliwa. Hakuuliza tena, na mwaka uliofuata akausimamisha ule ukuta, akidai vumbi la sponji linachafua vitambaa.

Basi akatokea mpima ardhi, aliyehamishiwa mjini karibuni. Alileta kiti cha marehemu mama yake kijazwe upya, akasikia muziki, akakaribishwa. Alikuwa mtu mpole, mwenye shati lililonyooka na sauti ya chini, na Jumapili iliyofuata alileta santuri ya saksafoni na piano iliyofungwa kwenye kitambaa laini kama mtoto mchanga. Ikarudiwa. Wiki ya pili akaleta nyingine, nayo ikarudiwa. Alisema pia wasikilize nini baada ya hiyo, na kwa nini, na kinyozi akawa anaitikia kwa kichwa kila neno. Wiki ya tatu fundi aliwaambia kwamba muziki wa namna ile ni wa watu waliozoea kukaa ofisini.

Jumapili hiyohiyo cherehani ilinyamaza, na mkewe akatokea mlangoni akiwa na mkasi mkononi. Alimuuliza mpima ardhi ni kitu gani kile kinachokwaruza taratibu kwa nyuma. Mpima ardhi akamwambia, "Ni ngoma, shemeji, ila anaipiga kwa brashi. Karibu ukae usikie vizuri." Mkewe akacheka, akasema ana kazi, lakini akabaki amesimama pale mpaka mwisho.

Fundi aliona yote hayo. Mkewe alikuwa amekaa hatua chache kutoka kwenye santuri zake miaka yote ile asije hata kuchungulia. Leo amekuja kwa mtu wa wiki tatu. Kile kiti cha marehemu mama yake mpima ardhi, kilichokuwa kimebakiza kitambaa tu, fundi alikifungua tena usiku ule akakitoa matumbo, na kila mara mwenye kiti alipouliza, aliambiwa sponji imekosekana mjini.

Kilichommaliza kilikuja mwezi uliofuata. Mpima ardhi alifika akiwa na mashine yake ndogo ya santuri, na chini ya kwapa alibana jalada la kijani. Naye alikuwa amepata nakala yake ya santuri ile ya fundi. Aliomba waisikilize kwenye mashine yake, wapate ladha nyingine. Sindano ikashuka, na tarumbeta likatoka jepesi, jembamba, lina haraka ya mtu anayewahi kazini. Fundi alijikaza. Lakini besi ilipobaki peke yake na yule mtu akakohoa, kilikuwa kikohozi cha kijana, kikohozi cha mtu aliyepaliwa na maji.

"Hiyo ni feki," fundi alisema kwa sauti, sindano ikiwa bado inacheza. Yeye aliyeweka sharti ndiye aliyelivunja wa kwanza, na wote walimgeukia.

Mpima ardhi hakubishana. Alichora alama ya chaki kwenye santuri, akamwomba mwalimu ashike saa, akahesabu mizunguko ya mashine yake, kisha ya fundi. Yake ilikuwa sawasawa na ilivyoandikwa kwenye santuri. Ya fundi ilikuwa inajikokota. Mkanda wa ndani unaoizungusha sahani inayobeba santuri ulikuwa umelegea, na kwa jinsi ulivyochakaa, ulikuwa umelegea tangu enzi za mjomba. Miaka yote walikuwa wanasikiliza santuri zikienda kwa kuchechemea.

Kinyozi alikuwa wa kwanza kucheka. Alicheka mpaka akalala kwenye kochi la mteja, akisema jamani, mzee wetu amepona. Mwalimu naye akashindwa kujizuia. Fundi alitazama mlangoni akamwona mkewe amesimama pale, na alitamani sakafu immeze. Mpima ardhi, kwa upole uleule uliokuwa unamchoma fundi kuliko tusi, alimpa mkanda mpya aliokuwa nao wa akiba. Kisha akawakaribisha wote kwake Jumapili ijayo, na shemeji pia.

Fundi aliutupa ule mkanda kwenye kopo la misumari. Alijua kilichokuwa kinaondoka: Jumapili zake zinahamia kwa mpima ardhi, na mkewe ameshapiga pasi gauni.

Jumamosi alikuwa anapiga misumari fremu ya kochi, cherehani ikasimama kidogo, naye akasikia kitu nyuma ya ukuta. Mkewe alikuwa anaimba kwa pua. Ilikuwa ile ya kijani, sauti kwa sauti. Hakuwahi kumsikia akiiimba hata siku moja, na sasa, baada ya kuisikia mara moja kwa yule bwana, anaiimba yote. Fundi aliweka nyundo chini.

"Umeshafundishwa," alisema kupitia ukutani.

"Na nani?"

Fundi aliuchomoa mkanda mpya kwenye kopo la misumari, akautoa ule wa mjomba, akaufunga mpya kwa hasira mpaka akajikata kidole. Kama anaitaka ya mpima ardhi, basi aipate hapahapa. Aliweka santuri ya kijani. Tarumbeta likatoka jembamba, likikimbia.

Mkewe alikuja mlangoni, akakunja uso.

"Hiyo siyo. Mbona inakimbia?"

"Ndiyo yenyewe. Ndiyo unayoiimba."

"Mimi?" Akaimba tena, akiitazama santuri, na fundi akasikia kwa masikio yake mwenyewe. Ilikuwa nzito, pole pole, inajikokota. Hakukuwa na mashine nyingine yoyote duniani iliyoweza kumfundisha hivyo. "Hii ndiyo ninayoijua," mkewe akasema. "Besi ikibaki peke yake namalizia mshono. Mzee akikohoa, nakata uzi."

Fundi alisimama na damu kwenye kidole. Mwishowe alilitoa lililokuwa limemkaa moyoni: kama alikuwa anasikiliza muda wote huo, kwa nini mlangoni amekuja kwa ajili ya yule?

"Yeye aliniambia karibu ukae," mkewe akasema. "Wewe unatengeneza makochi ya mji mzima. Mimi ulinijengea ukuta."

Akarudi kwenye cherehani. Fundi alibaki akiitazama plaiwudi, kisha akazima mashine, akapiga magoti kutafuta mkanda wa mjomba kwenye takataka za sponji.

Siku ya pili yake hawakwenda kwa mpima ardhi. Fundi alikuwa amepeleka ujumbe asubuhi kwamba waje kwake, tena kiti cha mama kiko tayari. Walipofika walikuta ukuta haupo, na kile kiti, kitambaa kipya, misumari ya shaba mstari mmoja, kimewekwa karibu kabisa na mashine. Mpima ardhi alifurahi akataka kukijaribu. Fundi akamwambia leo kina mtu, akamwonyesha stuli.

Mkewe aliketi, gauni limepigwa pasi, mkasi wa cherehani mapajani. Sindano ikashuka kwenye santuri ya kijani, na hakuna aliyefungua mdomo. Tarumbeta likajikokota, likanyamaza, besi ikabaki peke yake. Fundi alimtupia jicho mpima ardhi kuona kama anamtazama mkewe. Alikuwa anamtazama, na fundi akaumia vilevile kama siku ya kwanza. Kisha mzee akakohoa, kutoka kifuani kabisa, na kwenye kile kiti mkasi ukafunga, kacha, bila uzi.