Siku Nilipolisifu Gari la Mjomba

Naandika humu kwa sababu daftari halicheki. Shuleni nikisimulia watanicheka mpaka muhula uishe. Na aibu yenyewe niliitafuta kwa mdomo wangu.

Asubuhi ya harusi ya dada Eliza yalisimama magari mawili uani kwetu Itaka. La baba ni kuukuu, aliachiwa na Mzungu wa shamba la kahawa, magurudumu marefu membamba, na alilipamba maua tangu alfajiri. La mjomba jipya, jeusi, kaja nalo kutoka migodini Rodesia. Mjomba akaniita mbele ya wageni: "Haya mwipwa, msomi wetu, bibi harusi apande lipi?"

Mimi, ambaye hata darasani sinyooshi kidole (sijui niliingiwa na nini), nikasema la mjomba ni ufunguo tu na redio inaimba, la baba kuliwasha unazungusha hendeli mpaka bega lichomoke, halafu petroli ikipungua haifiki kwenye injini mlimani, mpaka lipande kinyumenyume, sasa dada aende kanisani anatazama nyumbani, wakati kwetu bibi harusi akishatoka haangalii nyuma? Watu wakaangua kicheko. Nikajiona mtu!

Baba akaliendea gari lake. Akayafungua maua yake, moja moja, akayafunga kwenye gari la mjomba. Kisha akanyonya petroli ya gari lake kwa mpira, akaitia kwenye la mjomba. "Usije ukaishiwa njiani, shemeji."

Kabla ya Mlowo gari la mjomba, tumbo chini, likalala topeni. Tulisukuma, likazidi kuzama. Baba, aliyetufuata nyuma, akalipita tope kwa magurudumu yake marefu, akampakia dada na shangazi, mimi nikaning'inia pembeni. Ukabaki mlima wa kanisa. Katikati gari likakohoa, likazima. Nikashuka kuzungusha hendeli, ileile niliyoicheka. Wapi!

Baba akaliachia likarudi chini, akaligeuza, likawaka. Tukapanda kinyumenyume mbele ya kanisa zima, uso wa dada umeelekea Itaka. Vigelegele vikakatika.

"Funika macho, mwanangu!" shangazi akapiga kelele, akamtupia khanga usoni. Dada akalia humo ndani.

Mlangoni shangazi akaninong'oneza: "Baba yako alijaza tangi jana, ili lipande mbele kama mengine. Hukujua?"

Sikujua. Sikuuliza.

Mama mkwe wa dada anasema huyu hatakaa kwa mumewe. Jana dada alikuja kuchukua mbegu tu, jirani akauliza, "Amesharudi?" Baba akatoka nje. Gari hajaligusa tena; kuku wanatagia kwenye kiti. Nimeapa, nikiulizwa tena kipi bora, nitaangalia kwanza nani alifunga maua.