Mteremko Mweupe

Juzi, njiani kutoka Lodwar kwenda Kakuma, binti yangu alionyesha uwanda mweupe kando ya barabara. "Mama, ile ndiyo theluji?" Nimemsimulia mara nyingi alasiri ile Baba alipotupeleka Mlima Kenya, ila sijamsimulia yote.

Tulipanda tukihema, sweta za kuazima zikinuka moshi, hadi mteremko wote ukawa mweupe. Nyumbani kiangazi kilikuwa kimemaliza mifugo ya babu, nami nilijua weupe wa aina moja tu, wa mifupa. Nikauliza, "Baba, mbuzi wa nani wamefia hapa?"

Akacheka. "Hakuna aliyekufa. Hii ni maji tu. Gusa."

Mama hakucheka. Nilinusa kwanza, nikitafuta mizoga, na kukosa harufu kabisa ndiko kulikonitisha. Nilipogusa, baridi ikaniuma vidole, nikalia nikidhani nimeumwa na mfupa. Sasa najua Baba alisema kweli. Yalikuwa maji, mlima mzima, yale ambayo mbuzi wa babu walikufa wakiyatafuta.

"Tusimame niguse," binti yangu akasema.

Niliona fuvu moja, pembe bado zimesimama. Nikapandisha kioo cha gari, joto likiwa kali vile, na vidole vikaniuma.