Kuziba Ukimya

Siku yangu ya kwanza kazini nilitafsiri filamu nzima ya Kihindi bila kujua Kihindi. Nyie mnaosoma maandishi chini ya kioo cha simu chekeni tu. Katika banda la video pale Majengo, mtafsiri alikaa pembeni ya deki na maiki mkononi, akawasemea wahusika wote: bwana, bibi, jambazi, hata mtoto mchanga. Nilipomaliza, mwenye banda aliniita.

"Sauti unayo, Fidelis. Lakini wale wa kwenye filamu, pale wanapokula mezani, umewaacha kimya. Ziba!"

Kuziba ndiyo ilikuwa roho ya kazi yetu. Wahusika wakinyamaza, mtafsiri anawatungia maneno, maana watu wa Songea hawakulipa kiingilio ili waangalie Wahindi wakitazamana. Nikawa fundi wa kuziba, najisifu mwenyewe.

Mke wa bosi, Mama Deo, alikaa mlangoni akikata tiketi. Deo, mtoto wao wa pekee, alikufa kwa homa kabla sijaajiriwa, na tangu mazishi yale wawili hao hawakusemezana. Kila neno lilipitia kwangu.

"Mwambie mama chakula kimepoa."

"Mwambie bosi wako chakula kilimngoja."

Walikuwa wanasikiana vizuri kabisa, na bado nilitakiwa kurudia.

Jumapili moja baada ya misa tuliweka filamu ya Kizungu. Mume na mke wamefiwa na mtoto, wanakula bila kuambiana kitu. Mama Deo alikuwa ameacha mlango, amesimama nyuma ya mabenchi. Bosi alikuwa ng'ambo, karibu na spika. Nikaziba kwa sauti ya yule mume:

"Mke wangu, mtoto tulimzika pamoja. Mbona kila mtu anamlilia peke yake?"

Bosi akatoka nje kutia mafuta kwenye jenereta, ilhali nililijaza mwenyewe asubuhi.

Kesho yake akaniita. "Mwambie mama yale maneno hayakuwepo kwenye filamu."

Nikapeleka. Mama Deo hakuinua macho kwenye tiketi zake. "Mwambie najua. Nilikuwa nangoja aseme kwake yapo."

Nalo nikalifikisha kama lilivyo. Bosi akageuka kufuta vumbi kwenye deki. Iliniuma sana, na mpaka leo inaniuma.

Simu zilipoenea, banda likafungwa, nikastaafu bila hata soda ya kuagwa. Siku hizi wajukuu zangu wanakaa sebule moja, kila mmoja na filamu yake masikioni, wanacheka kila mtu kivyake. Mimi nakaa nao, natamani mmoja aniulize wanacheka nini wenzake.

Mwaka huu bosi aliugua. Nilipofika hospitali, Mama Deo alikuwa kwenye benchi nje ya wodi, amepakata chupa ya uji.

"Shikamoo, mzee," nilimwamkia bosi kitandani.

Akaitikia kwa taabu, akanishika mkono. "Fidelis, mwambie mama..."

"Yupo hapo nje, mzee. Ngoja nimwite umwambie mwenyewe."

Akatikisa kichwa, akafumba macho. Hakusema tena mpaka alipofariki.

Tulipoanua matanga, Mama Deo aliniita ndani.

"Alisema nini?"

"Alisema nikwambie, mama. Kisha akanyamaza."

Akajiweka sawa kwenye mkeka, akanikazia macho.

"Basi ziba, Fidelis."

Nilifungua mdomo. Sikupata neno.