Bonde Aliloogopa Kuwa Amelichimba Mwenyewe

WUHAN. Saa mbili asubuhi, Gong Shuzhen amekodolea macho kompyuta huku bakuli la tambi za ufuta likiganda pembeni. Mjini Wuhan, kuacha tambi zigande bila kuzikoroga ni kosa la kukukosesha mchumba. Leo hakuna anayemsema. Mstari anaousubiri ndio utakaoamua kama kazi yake ya miaka mitatu ni ugunduzi au ni aibu.

Shuzhen (34) ni mchambuzi wa data aliyeajiriwa kwa mkataba katika chuo kikuu kimoja hapa. Viini vya atomi za madini ya risasi vinapogonganishwa kwa kasi inayokaribia ile ya mwanga, huyeyuka vikawa tone la supu yenye joto kuliko kitovu cha jua. Tone hilo hutoweka hata kabla hujapepesa jicho. Mara chache, humo humo huchomoka mchirizi wa chembe zenye nguvu na kuipasua supu kuelekea nje.

“Pitisha mwiko haraka kwenye uji mzito,” anaeleza. “Mbele uji unajikusanya, nyuma panabaki kibonde. Mimi natafuta hicho cha nyuma.”

Kukiona ni shughuli. Lazima kwanza uiondoe supu yenyewe kwa hesabu, na ukiondoa zaidi ya inavyotakiwa, bonde unalichimba wewe.

Ndiyo maana kuna jaribio la bandia. Wanachukua mchirizi kutoka kwenye mgongano mdogo usio na supu, wanaubandika juu ya supu ambayo haujawahi kuipita. Mchirizi huo haukusukuma kitu. Ukionyesha bonde, basi aliyechimba ni kompyuta.

Jumatatu ulionyesha bonde.

Shuzhen hakubishana na matokeo hayo. Alimwandikia kiongozi wa kikundi, Mwalimu Kuang, amwombe radhi mwandaaji wa mkutano wa mwezi ujao na kuiondoa mada yao. Mkataba wake unaisha mara tu baada ya mkutano huo, na nani amwongezee mkataba mchimba mashimo?

Aliyemwokoa ni jirani yake wa meza, Pan Dehui, kijana asiyejua kunyamaza hata mdomo ukiwa umejaa. Aliweka mchoro wa bandia juu ya mchoro halisi, akaiinua dirishani. Ililingana hadi vile vijino vidogo ambavyo hutokea kwa bahati tu.

“Dada, hata mapacha hawafanani hivi,” alimwambia. “Umempima homa mgonjwa yule yule mara mbili, halafu unashangaa mtaa mzima unaumwa.”

Ndivyo ilivyokuwa. Majina ya mafaili yalikaribiana, naye Shuzhen alikuwa ameilisha programu migongano halisi akidhani ni ya bandia. Muuza samaki hawezi kukosea hivyo; samaki wa plastiki hanuki. Kwenye kompyuta, vyote havina harufu.

Jaribio likaanzishwa upya. Asubuhi hii mstari unajichora taratibu kutoka kushoto, unafika pale penye wasiwasi, unapita. Hakuna bonde.

“Umenyooka kuliko tabia yangu,” anasema Dehui.

Shuzhen analaza paji la uso mezani. Mabega yanatikisika, na inachukua muda kujua kwamba anacheka.

Mwalimu Kuang anapoingia, Shuzhen anamuuliza, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi kwa jirani waliyegombana naye, kama mada inaweza kurudishwa.

“Kwani iliondoka?” anajibu mzee huyo. “Sikumwandikia mtu. Nilisema moyoni, akishalia ataangalia tena.”

Mkataba bado haujaongezwa, lakini sasa Shuzhen ana cha kusimama nacho mbele ya watu. Mpango wake baada ya mkutano ni kupima kina cha bonde, kwa sababu kina hicho ndicho kitakachosema supu ile ni nzito kiasi gani.

“Watu wakigundua kitu wanataka kiwe chao,” anasema, akijifuta macho kwa mkono wa sweta. “Mimi wiki nzima nimeomba kisiwe changu.”