Kengele ya Simu ya Bibi Manka

Kengele ile ilinigharimu shilingi elfu arobaini na tano, nauli ya bodaboda ikiwemo, na heshima ambayo sikuitia kwenye hesabu. Mwanangu, nakumbuka siku Bibi Manka aliposhuka kutoka Uru, huko mlimani, mpaka kibandani kwangu Soweto, huku mjini, simu ya mezani kwenye kikapu, ile nyeusi nzito ya kuzungusha namba. Nilikuwa kijana fundi wa simu, maneno mengi kuliko vifaa.

Waya za simu za zamani kwao zilishaondolewa. Simu ya mkononi alikuwa nayo, lakini mlio wake haukufika kwenye migomba, na binti yake alikuwa Mwanza na mimba yenye matatizo.

"Kengele hii ya marehemu mume wangu," akasema, "nilikuwa naisikia hata nikiwa bondeni nakata majani ya ng'ombe. Itie hayo mambo yenu ya kisasa, ilie tena."

Inawezekana. Unaweka laini ndani, saketi ndogo ya kupokea, na transfoma ya kupandisha umeme ili nyundo igonge vikombe viwili vya shaba. Tukapatana bei: nikapandisha, akashusha, nikalalamika, akacheka. Halafu nikaulizia transfoma, nikaona itakula faida yangu yote. Nikachomeka spika ndogo ya redio, itoe mlio wa kengele uliorekodiwa. Sebuleni kwake ililia vizuri sana. Bondeni sikwenda kujaribu. Bibi akalipa, akaniongezea mkungu wa ndizi, akasema, "Aika." Nami nikaitikia shukrani ile bila haya.

Wiki chache baadaye akanipigia. Binti yake alikuwa amefanyiwa upasuaji wa ghafla. Kabla ya kuingia chumba cha upasuaji alimpigia mama yake tena na tena, amwombee; mama alikuwa bondeni. Mtoto na mzazi wakatoka salama, ila binti aliingia mle bila kuisikia sauti ya mama yake.

"Wala si kosa lako, fundi," Bibi akasema. "Masikio yangu yamezeeka."

Mwanangu, afadhali angenitukana.

Nikapanda Uru. Lakini hata aibu niliifanyia ujanja. Njiani nikachuma isale, lile jani la mpakani mwa kihamba, shamba la nyumbani, ambalo kwetu Wachagga mtu akikuletea kuomba radhi hulikatai. Nikamwamkia shikamoo, nikampa kwa mikono miwili kabla sijasema lolote. Akalipokea akicheka.

"Umevunja nini tena, wewe?"

Hapo ndipo nikamweleza habari ya spika.

Kicheko kikakatika. Akaligeuzageuza jani mkononi. "Umenishikisha isale kwanza, kosa baadaye," akasema. "Mchuuzi we! Hata msamaha umeutaka kwa bei ya jumla." Akachukua birika. "Haya, nimeshapokea. Kaa unywe chai."

Chai ile sikuimaliza.

Transfoma nilinunua kwa fedha yangu, na kengele sasa inalia mpaka majirani wanalalamika. Bibi hajalitaja jambo lile tena, kwa kuwa alishika jani, na aliyelishika hafukui kosa lililosamehewa. Ndilo linaloniumiza. Hasira ile ilikuwa haki yake, nami nilimnyang'anya kabla hajajua kuwa anayo.

Kwa hiyo sikia. Ukimkosea mtu, litaje kosa lote, kwa ukubwa wake, ukiwa mikono mitupu. Mwache akasirike mpaka atosheke. Radhi uiombe baadaye, na akikunyima, rudi nyumbani umenyimwa. Tena kazi ya mtu asiyeweza kufungua kifuniko, ifanye kana kwamba atakifungua mbele yako. Mungu akujalie mikono ya kweli, na akupe watu wa kukukaripia kwa wakati.

Bibi Manka sasa ni mzee sana. Nikienda kukagua betri ya simu ile ananikaribisha kama mwanawe wa kumzaa. Natamani kumwambia asahau lile jani, anisute mpaka achoke. Naogopa pia kwamba huko ni kumtwisha mzigo wangu uzeeni. Wewe ungefanyaje? Niambie mapema, mwanangu, Bibi angali hai.