Sukari kwenye Sahani ya Mama

Wanasema la kuvunda halina ubani, lakini mama yangu aliishi kwa kuvundisha. Alikuwa na shimo lake la makumbi kando ya hori, kwenye tope jeusi ambalo bahari hulifunika na kulifunua kila siku. Humo alizika makumbi ya nazi, akayakandamiza kwa mawe, akayaacha miezi mitano au sita mpaka yakalainika. Siku ya kuyafukua harufu ilifika hadi msikitini, na wanaume walitoka swalani wakiwa wameziba pua na kujifanya hawajui ni kitu gani. Kisha aliyaponda kwa rungu, akayaosha, akayaanika, akakaa barazani kusokota kamba juu ya paja. Paja lake la kulia lilikuwa gumu kama kisigino. Kuna watu Quiterajo waliozaliwa na kufa juu ya vitanda vilivyofumwa kwa kamba zake, na wavuvi wa Mucojo walikuwa wakimwagizia.

Mashimo yalikuwa matano, ya wanawake watano, na kila mmoja alilirithi lake kwa mama yake. Hayakuwa na karatasi. Yalikuwa na duara la mawe, na hata mtu mlevi akipita pale usiku wa giza aliyazunguka. Mama ndiye aliyekuwa mkubwa wa wenzake.

Nayaandika haya nikiwa mbali, na mama amezikwa huku huku ugenini. Kijiji chetu hakikukalika tena kwa sababu nyingine, kubwa, na wengine wameshazieleza vizuri kuliko ninavyoweza. Watu wakinihurumia kwa sababu hizo huwa nanyamaza. Nyumba yetu ilikuwa imevunjika kabla ya hapo, na aliyeivunja ni mimi.

Ilikuwa miaka ile gesi ilipogunduliwa baharini. Meli kubwa zilisimama mbali, zikiwaka taa, na sisi huku pwani tuliizungumza gesi kama harusi ya tajiri: kila mtu alikuwa na hakika amealikwa, na hakuna aliyekuwa ameiona kadi. Mimi nilikuwa nimemaliza shule Pemba, mji mkuu wa mkoa wetu, si kile kisiwa, nimerudi nyumbani, na mwaka wa pili ulikuwa unapita nikiwa nimekaa. Mali yangu ilikuwa Kireno changu. Nilichoka kuitwa msomi na watu wanaoniletea barua za serikali niwasomee kisha wanaondoka.

Ndipo akaja yule mratibu kutoka Beira. Tulimwita shefe, kwa sababu kila mtu wa ofisi kwetu ni shefe. Alikuwa mtu mpole, wa miwani, mwenye kutoka jasho hata kivulini, na hakujua neno la Kiswahili. Alitaka kujenga kituo cha ubunifu cha jamii: chumba cha kuwafundisha wenye biashara ndogondogo, chumba cha kompyuta kwa vijana ili gesi ikianza iwakute wako tayari, na nje kitalu cha miche ya mikoko kwa ajili ya mazingira. Sisi tukakiita sentro. Mimi nikachukuliwa niwe mkalimani wake kwa siku za mikutano, na nikaambiwa kwamba sentro ikijengwa kwetu, nitakuwa katibu wake.

Mkutano ulifanyika darasani. Shefe alieleza kwamba sentro inafaa ikae kando ya hori, kwa sababu barabara inapita hapo na mikoko inataka maji ya chumvi. Mashimo yangefukiwa. Akaongeza, kwa upole wake uleule, kwamba kama sisi hatupendi si neno, kuna vijiji vingine vinavyoiomba. Nikatafsiri yote. Watu wakamgeukia mama.

"Tumesikia," mama alisema.

Basi. Mkutano ukafungwa kwa dua, watu wakatawanyika.

Ni lazima nieleze hapa desturi yetu. Kwetu mgeni haambiwi hapana usoni. Hapana inalala kwanza. Kesho yake inapelekwa na mtu wa tatu, pamoja na chakula kilichofunikwa kawa. Mgeni anakula, ndipo anaambiwa. Akilipokea neno bila kinyongo, sahani hairudi tupu. Anatia kitu kidogo, mara nyingi sukari, na aliyetuma akiiona sukari anajua kwamba neno limefika na ujirani umebaki. Na neno likishatumwa halirudiwi. Anayerudia hapana yake, kwetu wanasema huyo sasa anaomba.

Kesho yake asubuhi mama alipika mkate wa kumimina, akautia katika sahani yake ya bati yenye maua ya buluu, akaufunika kawa, akanikabidhi mimi. Nani mwingine angekwenda? Mimi ndiye niliyekuwa na Kireno.

"Usimwambie kwa ukali," alisema. "Mpe kwanza ale. Kisha mwambie mashimo hatuyatoi. Sentro aiweke kule juu, kwenye mikorosho ya mjomba wako. Nimeshaongea naye, tunampa bure. Ila pale horini, hapana."

Nilitembea na ile sahani ingali moto mikononi. Mpaka leo naikumbuka njia yote. Nilikuwa nafikiri: kule juu hakuna barabara, hakuna maji ya chumvi, atakataa. Atafunga mkoba wake aende kijiji cha pili, na huko kutakuwa na msichana mwingine mwenye Kireno. Nilifika. Shefe alikuwa ameketi kwenye baraza ya nyumba aliyopangishiwa, na fomu zake mezani. Alipofunua kawa uso wake ulikunjuka kwa furaha. Alikula vipande viwili kabla ya kunena.

"Sikutarajia ukarimu huu," alisema kwa Kireno. "Jana nilidhani wamechukia. Kumbe wamekubali."

Pale ndipo palikuwa mahali pangu pa kusema. Hakuna aliyenizuia. Nilisema, "Mama anakusalimu sana."

Akanipa kalamu, akaniomba nimsaidie kujaza ile sehemu ya maoni ya jamii. Niliijaza kwa mwandiko wangu mzuri wa shule. Mjumbe hauawi, walisema wahenga. Hawakusema afanywe nini mjumbe aliyeumeza ujumbe.

Na laiti ningeishia hapo. Sahani ilikuwa imeoshwa, iko tupu, na mama alikuwa nyumbani anaisubiri. Nikapita dukani, nikanunua sukari, nikaimimina katikati ya yale maua ya buluu, nikaifunika kawa. Nilipomfunulia, mama aliitazama, akasema, "Alhamdulillahi. Kumbe ni mtu wa watu." Mchana huohuo alikwenda na wenzake kuzika makumbi mapya.

Mashine ilikuja hata mwezi haujaisha. Ilimwaga udongo mwekundu na vipande vya mawe ya tumbawe juu ya mashimo yote matano, makumbi yakiwa mle ndani. Wale wanawake wanne walipiga kelele. Mama alisimama tu, ameshika ncha ya kanga yake kwa meno. Shefe alimpungia mkono kutoka upande wa pili, anatabasamu, na mama akageuka akaenda nyumbani. Nilimfuata. Nilikuwa nikingoja aniulize. Hakuniuliza chochote. Alisema, "Amekula, ameleta na sukari, kisha amefanya hivi," na hakuweza kwenda kumwuliza mwenyewe, kwa kuwa neno halirudiwi. Nilikuwa naijua desturi hiyo vizuri. Niliitegemea.

Sentro ikafunguliwa kwa ngoma na hotuba. Sitasema haikuwa na kitu. Kulikuwa na umeme wa jua wa kuchajia simu, na friji la kugandishia samaki ambalo lilifanya kazi vizuri mpaka lilipoharibika. Vijana walijifunza kompyuta, wakaandika maelezo yao ya kuombea kazi, ukurasa mmoja kila mtu, na mimi nikayasahihisha Kireno. Tuliyapeleka kwa kampuni za gesi katika bahasha nzuri. Hayakujibiwa. Baadaye wawili waliitwa kuwa walinzi wa uzio, na walinzi hawakuulizwa habari ya kompyuta.

Kilichonimaliza ni lile darasa la makumbi. Alikuja mwalimu wa mbali kuwafundisha wanawake kutengeneza mkaa wa makumbi ya nazi, eti ili tusikate miti na makumbi yasipotee bure. Wale wanne waliketi mbele wakiwa na fulana mpya. Mwalimu akainua kumbi moja juu, akawauliza kama waliwahi kufikiria kwamba kitu kile kina thamani. Niliwatafsiria swali hilo. Walitazama sakafu, na chini ya sakafu ile kulikuwa na mashimo yao. Mmoja akasema, "Mwambie tunashukuru."

Kitalu cha mikoko kilikauka, kwani udongo uliofukia mashimo uliziba njia ya maji kupanda. Wavuvi wa Mucojo wakahamia kamba za plastiki za dukani. Zikikatika baharini vipande vinarudi pwani, na sentro ikaweka siku ya kuviokota, tukapigwa picha na magunia. Nipo katika picha hiyo, nacheka. Niliichukia sentro, nikajichukia mimi, na kila asubuhi niliifungua kwa ufunguo wangu.

Mama hakukanyaga pale hata siku moja, na hakumsalimu shefe. Wakikutana njiani alivuka upande wa pili. Shefe aliniuliza mara nyingi, "Nimemkosea nini mama yako?" Nilimjibu kwamba ni mzee, macho hayaoni vizuri. Macho ya mama yalikuwa yanatunga uzi kwenye sindano. Hakuwa na kamba ya kusokota tena. Alishonea watu kofia, na paja lake likaanza kulainika. Siku moja alilishika akasema, "Tazama, mwanangu, nimekuwa bibi arusi." Nilicheka naye, na moyoni nilitaka kufa.

Kisha wafadhili wakaacha kuleta fedha. Hakuna aliyetueleza sababu. Meli bado zilikuwa kule baharini zinawaka. Kompyuta zikapakiwa kwenye gari. Shefe, kabla ya kuondoka, aliniomba nimpeleke kwa mama akamuage. Sikupata uongo wa kumzuia.

Mama alimpa kiti barazani, akampa maji. Akasubiri anywe. Halafu akaniambia mimi, kwa sauti ya chini:

"Mwambie siwezi kumwacha aende bila kujua. Sikumnunia kwa ajili ya mashimo. Wenye nguvu huchukua, tumezoea. Lakini nilimtumia neno, akala, akarudisha sahani na sukari, kisha akaleta mashine. Mwambie tangu nizaliwe sijaona mtu wa namna hiyo."

Shefe alikuwa ananitazama kwa hamu. Nikamwambia kwa Kireno, "Mama anakutakia safari njema. Anaomba radhi kwamba hakuja sentro."

Machozi yalimtoka yule bwana. Akaishika mikono ya mama kwa mikono yake miwili, akasema kwa Kiswahili kile kidogo alichokiokota, "Asante, mama. Chakula kile, siku ile. Asante." Akaweka mkono kifuani, akainama.

Mama alimtazama kwa muda mrefu. Mtu aliyeambiwa maneno yale hawezi kushukuru hivyo, hata awe mnafiki kiasi gani. Kisha akanigeukia mimi.

"Mwulize," alisema, "ile sukari aliinunua duka gani."

Sikumwuliza. Shefe alitutazama mmoja baada ya mwingine, akitabasamu, akingoja tafsiri.

"Basi," mama alisema. "Mwache aende, gari linamngoja."

Lilipoondoka nilipiga magoti palepale barazani nikamwambia kila kitu: mkate, fomu, duka. Nilimwambia niliogopa kukaa bure maisha yangu yote. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Nikasema, "Mama, nisamehe."

"Nimesikia," alisema.

Wakati huo nilikuwa nimepanga chumba changu karibu na sentro. Nilirudi huko. Sikulala vizuri, lakini nilikuwa na tumaini, kwa kuwa hakunifukuza wala hakunilaani, na mimi, msomi, nilijiambia kwamba mzazi ni mzazi.

Asubuhi, jua limeshapanda, mtu alibisha hodi. Alikuwa mama mdogo, mdogo wake mama, mmoja wa wale watano. Mkononi alikuwa amebeba kitu kilichofunikwa kawa. Pembeni ya kawa niliona ua moja la buluu.

"Kula kwanza," alisema.

Nilikula. Ulikuwa mkate wa kumimina, bado una moto. Mama mdogo aliketi kwenye mkeka, anatazama mlangoni, mpaka nikamaliza.

"Mama yako anasema nyumba ni yako," alisema. "Ukija utakula, utalala, ukiugua atakuuguza. Ila lile uliloliomba jana, hapana."

Akasubiri, kwa sababu sahani ilikuwa irudi naye. Niliiosha, nikaifuta. Nilitafuta mle chumbani, sikuwa na sukari. Nikamwomba mama mdogo anisubiri kidogo, nikaenda dukani.